Tanzania kwa Kyu

"Mimi sikai meza moja na mtu anayeandika Tanzania kwa kyu," alisema Maximilla, akaitupa karatasi mbele ya karani mkuu kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. "Isome mwenyewe, Bwana Saidi. Isome kwa sauti, wenzetu nao wafaidi."

Bwana Saidi alikuwa mtu wa Pangani aliyeletwa Kibondo na serikali, na hakuna siku aliyoacha kumlaumu aliyemleta. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Karatasi ilikuwa safi, mistari imenyooka, hakuna mahali palipofutwa kwa raba. Ila ilisema hivi: Serikqli yq Tqnwqniq inqzqtqngqwiq zqnqnchi zote.

"Inku... inkuzu..." Bwana Saidi alijaribu, akaacha. "Hiki ni Kirundi?"

"Mimi ni Muha, Kirundi nakisikia. Hiki si Kirundi. Hiki ni kikohozi."

Aliyeiandika alikuwa amesimama karibu na mlango, uzito wake wote kwenye mguu wa kulia. Jina lake Havyarimana. Alivuka mto Malagarasi mwaka uliotangulia, ule wa sabini na mbili ambapo watu walitoka Burundi kwa maelfu, na mguu wake wa kushoto ulivunjika njiani ukaungwa na mtu asiyejua kuunga. Ofisini alifika na suruali ya kuazima na majivuno yake mwenyewe. Alisema alimpigia chapa Mbelgiji mmoja wa kampuni ya kahawa kwa miaka mingi, na kwamba yeye haangalii vidole. Kazi ilikuwa imerundikana, kwa hiyo Bwana Saidi akampa meza pembeni na mashine ya akiba. Kwa upande wa kasi hakuwa amedanganya. Asubuhi nzima Maximilla aliisikia ile mashine ikilia kama mvua ya mawe juu ya bati, na kila kengele ya mwisho wa mstari ilimchoma ubavuni. Mwishowe aliinuka kwenda kuchungulia, na alichokiona kilimponya.

"Si mimi, Madamu," alisema Havyarimana. "Ni mashine. Herufi zimehama."

"Zimehama?" Maximilla aligeuka amtazame vizuri. "Zimehamia wapi? Nazo zimekimbia vita?"

Ofisi nzima ikacheka, hata mfagizi. Lilikuwa neno baya. Maximilla alijua ni baya, na lilikuwa tamu mdomoni kama muwa.

Havyarimana hakucheka wala hakuinama. "Kwetu A iko juu, mwanzo kabisa," alisema. "Hapa wameweka Q. Z yetu hapa ni W, na W yetu hapa ni Z. Mashine za Wabelgiji zimepangwa kwa akili. Hii imepangwa na Mwingereza aliyemwaga maharage, akayaacha yalipoangukia."

"Mashine ni mashine. Jembe la Burundi nalo lina mpini upande wa pili?"

"Jembe halina herufi, Madamu."

"Ndilo linalokufaa, basi."

Likamfaa kweli. Kabla ya saa ya chakula Bwana Saidi alikuwa amemhamishia bustanini kulima maua ya mkubwa, na kabla ya jioni alikuwa na jina jipya. Maximilla ndiye aliyempa: Bwana Kyu. Jina lilienea Kibondo yote kama upele, mpaka wenye maduka wakalitumia bila kujua lilikotoka. Haukupita muda mrefu, Bwana Kyu akajikusanya akaondoka na lori la chumvi, watu wakasema ameelekea Kasulu.

Hilo la Kasulu lilimuudhi Maximilla kuliko yote. Kasulu ndiko alikotaka kwenda yeye.

Alizaliwa huko, kwenye milima ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne, mtoto wa pekee aliyebaki kwa mama yake, Theodosia. Shule ya msingi alisoma kwa masista. Baadaye mjomba mwenye kazi ya reli akampeleka Tabora kujifunza kupiga taipu. Huko mwalimu alikuwa akiwafunika mikono kwa kitambaa cheusi, anayekifunua anachapwa rula. Walianza kwa A, S, D, F, wiki baada ya wiki, mpaka mtu akilala vidole vinapiga godoro. Alitoka Tabora na cheti, viatu vya kisigino ambavyo barabara ya Kibondo haikuvistahili, na imani moja iliyomtosha maishani: dunia ina watu wa aina mbili, wanaotazama vitufe na wasiotazama.

Kundi la kwanza lilikuwa kubwa. Ndani yake alimtia Bwana Saidi, aliyepiga kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mchwa. Alimtia pia karani wa ushirika na mashine yake ya hesabu. "Namba tupu," alisema, "haina hata herufi moja. Hiyo ni mashine ya muuza dagaa." Mpiga telegramu wa posta, aliyetuma habari mpaka Kigoma kwa kugonga kitufe kimoja tu, hakumpa hata nafasi ya kujitetea. Kitufe kimoja, hata mbuzi angefundishika. Siku moja alipita ofisa kijana kutoka Dar es Salaam, akasimulia kwamba Hazina kuna mashine iitwayo kompyuta, ina vitufe kama taipu lakini yenyewe inafikiri.

"Ikishafikiri," Maximilla alimwuliza, "wewe utalipwa kwa kazi gani?"

Kijana akanywa chai yake.

Lakini aliowadharau kupita wote walikuwa wapiga vinanda. Kila kanisa alilosali aliona mtu amekaa mbele, mgongo umenyooka, anabonyeza meno meupe na meusi huku anapepesa macho kama aliyemwona malaika. "Hebu niambie," alikuwa akimkamata mtu njiani, "akimaliza kupiga, anabaki na nini? Upepo. Mimi nikimaliza nina nakala tatu."

Aliwahi kuolewa Kigoma na fundi wa meli, akarudi. Alipoulizwa sababu alisema mwanamume yule alikuwa mzito, na hakufafanua alikuwa mzito wa nini. Tangu hapo aliyebaki naye duniani ni mama yake, naye alikuwa Kasulu na nyonga mbovu, mbali kiasi cha basi kuharibika njiani mara mbili. Aliomba uhamisho. Alijibiwa kwamba Kibondo haiwezi kubaki bila mpiga chapa. Akaomba tena, akajibiwa vilevile, na jibu lenyewe alilipiga chapa yeye, maana hapakuwa na mwingine wa kulipiga.

Ikaja sabini na nne, Operesheni Vijiji. Theodosia aliteremshwa kutoka kilimani pake, akapewa kiwanja kando ya barabara iendayo Kabanga, kwenye mstari wa nyumba zinazotazamana kama watu waliokosana. Kilimani alikuwa na chemchemi nyuma ya migomba. Kijijini maji yalikuwa bondeni, na njia ya bondeni ilikuwa utelezi. Aliteleza mara ya kwanza, akaamka mwenyewe. Mara ya pili alilala kwenye matope mpaka wapita njia wakamkuta.

"Njoo Kibondo, mawe," Maximilla alimwambia alipokwenda kumwuguza. Mawe ndivyo Waha wanavyomwita mama.

"Nije Kibondo nifanye nini? Nikutazame unavyopigana na chuma? Mimi wamenihamisha mara moja, imetosha. Wewe ndiye mwenye miguu. Hama wewe."

Ndipo mama akamwambia habari. Misheni ya masista, hatua chache juu ya kijiji, ilikuwa inatafuta mpiga chapa. Maximilla hakuuliza mshahara. Alikwenda asubuhi iliyofuata na viatu vyake vya kisigino, akavifuta tope mlangoni kwa jani la mgomba.

Mkuu wa nyumba alikuwa Sista Ernesta, mwanamke wa Bukoba mwenye sauti ndogo na macho yasiyopepesa. Alimkalisha mbele ya mashine kubwa iliyofunikwa shuka la maua, akamwekea barua ya mfano ya kwenda kwa mkuu wa wilaya.

"Chukua muda wako," alisema Sista.

"Sihitaji," alisema Maximilla.

Akafunua shuka, akatia karatasi na kaboni, akaweka vidole mahali pake. Kisha, ili Sista aone anayeshughulika naye ni mtu wa namna gani, akageuza uso, macho kwenye barua na mara nyingine dirishani kabisa, akatazama sista mmoja akimwaga maji machafu. Vidole vikaenda vyenyewe. Kengele ililia, akarudisha mkono wa mashine, ikalia tena. Alipomaliza aliivuta karatasi kwa mkono mmoja, akampa Sista bila kuisoma. Huko Tabora aliyesoma kazi yake kabla ya kuitoa alihesabiwa mwoga.

Sista Ernesta aliisoma. Alikwenda nayo kwenye mwanga akaisoma tena.

"Kzq," alisema polepole. Akaifuata mistari kwa kidole. "Halafu kuna alama ya kuuliza. Halafu heshi, mkato, izq. Binti yangu, hii ni lugha gani?"

Maximilla aliichukua. Kzq ?heshi,izq ndivyo ilivyoanza. Alikuwa ameandika Kwa Mheshimiwa. Chini yake ukurasa mzima ulikuwa vivyo hivyo, safi, mistari imenyooka, hakuna mahali palipofutwa, na katikati ya mstari wa tatu, ikiwa imekaa wima kama shahidi: Tqnwqniq.

"Si mimi, Sista," alisema. "Ni mashine. Herufi zime..."

Hapo akaziba mdomo, kwa sababu alijua neno lililokuwa linafuata, na alijua nani alilisema kabla yake.

"Mashine ililetwa na masista wetu walipotoka Burundi," alisema Sista Ernesta. "Nilidhani umeona. Herufi zimeandikwa juu ya vitufe."

Na ni kweli zilikuwa zimeandikwa, nyeupe juu ya nyeusi, kubwa kama punje za mahindi. Bwana Saidi wa Pangani, na kidole chake kimoja, angeipiga barua ile bila kosa. Angechukua mpaka magharibi, lakini angeipiga. Fikra hiyo ilimwingia Maximilla kama mfupa kooni, na haikushuka.

"Nipe nafasi nyingine," alisema.

"Nitakungojea mpaka Kwaresima iishe. Baada ya hapo kuna mtu wa Kigoma." Sista akaifunika mashine. "Anayeijua hapa ni mmoja tu, ndiye anayeitia mafuta. Mwombe akuonyeshe. Utamkuta kanisani, ndiye mpiga kinanda wetu. Anaitwa Havyarimana."

Alimkuta amelala chali chini ya kinanda kama fundi wa lori, miguu nje, anaziba mvukuto kwa gundi na kipande cha ngozi ya mbuzi. Panya walikuwa wameula. Maximilla alisimama pale akiutazama ule mguu wa kushoto uliopinda, akisubiri aonekane. Havyarimana aliona viatu kwanza.

"Viatu hivi navijua," alisema kutoka chini. "Vimeniteremshia jina."

"Nimekuja kwa kazi."

"Kazi gani?"

Alimwambia, kwa maneno machache na kwa sauti ya mtu anayetoa amri. Havyarimana alijivuta akakaa, akajifuta mikono. Maximilla alikuwa amejiandaa kuchekwa. Angechekwa, angekuwa na la kujibu. Majibu alikuwa ameyapanga njia nzima. Lakini mtu yule aliuliza tu, "Barua ilitoka namna gani?" na alipoonyeshwa karatasi aliishika mbali na macho, akaipenda kama mtu anayetazama picha ya nduguye.

"Safi sana," alisema. "Hujakosea hata moja. Umeandika mashine yenu juu ya mashine yetu."

"Kwa nini hiyo kazi huichukui wewe, kama unajua sana?"

"Sista aliniomba. Nikampigia barua moja. Nilitaka kusema wagonjwa wamekula, nikaandika wamekura. Akasema Bwana Havyarimana, wagonjwa hawapigi kura." Alicheka kidogo. Kisha hakucheka. "Na hata ningejua Kiswahili chenu chote, nisingerudi mezani; Kibondo nililetwa na njaa. Kule kwetu askari walianza kuua watu wa mezani. Karani, mwalimu, mwenye kalamu mfukoni. Waliingia kampuni ya kahawa wakaita majina, na majina niliyapiga chapa mimi mwenyewe, kwenye orodha ya mishahara. Sasa nakaa kwenye kinanda. Mpiga kinanda hana anayemtafuta."

Maximilla alikasirika. Akafyonza, lakini kwa ndani, midomo imefumbwa.

"Unataka nini, basi?" aliuliza. "Sina pesa."

"Sitaki pesa. Kinanda hiki kinataka miguu miwili, kama baiskeli. Mimi nina mmoja. Aliyekuwa ananikanyagia pedali alihamishiwa kijiji cha mbali. Nitakupa vidole vyangu mpaka ujue mashine. Nawe utanipa miguu yako siku ya sikukuu. Misa moja."

"Nikae benchi moja na wewe, mbele ya watu?"

"Ndiyo. Benchi ni fupi."

"Misa moja," alisema Maximilla, kwa wepesi wa mtu asiyekusudia.

Akachukua likizo yake yote, wakakaa ofisini kwa Sista kila alasiri baada ya Havyarimana kutoka kufyatua matofali. Siku ya kwanza alikuja na matope kwenye kucha, akavuta kiti mbali kiadabu.

"Andika mama," alisema.

Maximilla aliandika, macho dirishani. Ikatoka ,q,q.

"Tazama vitufe, Madamu."

"Mimi sitazami vitufe."

"Basi mama yako atakuwa mkato kyu mkato kyu mpaka Kwaresima iishe."

Akatazama. Miaka kumi na zaidi hakuwa ametazama, na sasa aliinamisha shingo kama msichana wa darasa la kwanza, akatafuta M ilipojificha, mwisho kabisa kulia, na A juu kushoto kama jogoo juu ya paa. Vidole vilikataa. Vilikuwa na kiburi chao, vilifundishwa kwa rula, na kila alipoviachia vilirudi Tabora. Alikuwa akitoka pale anaumwa kichwa, anamtukana Mbelgiji, anamtukana Mwingereza, anamtukana aliyevumbua chuma.

"Unapiga kwa hasira," Havyarimana alimwambia.

"Taipu hupigwa. Ndiyo maana ikaitwa kupiga taipu. Wewe unaipapasa kama unamtafuta chawa."

"Vidole vya kinanda hivi. Kwenye kinanda unabonyeza unakaa. Ukiondoa, sauti inakufa."

"Ndiyo maana nasema kinanda ni cha wavivu."

"Jaribu."

Siku moja alijaribu, ili amalize ubishi. Walikwenda kanisani, Havyarimana akakanyaga kwa mguu wake mmoja, Maximilla akaweka vidole juu ya meno. Aligonga kama agongavyo taipu, kidole kikaingia kikatoka. Kinanda kikasema kwe, kwe, kwe, kama kuku anayetaka kutaga. Mama mmoja aliyekuwa akifagia altare alishika mbavu. Havyarimana kwa upande wake alikwisha kuonja aibu hiyo: mara moja, akiwa amechoka, alibonyeza herufi tatu kwa pamoja kama mtu anayepanga sauti za wimbo, vyuma vya herufi vikainuka vyote vikang'ang'aniana katikati, na Maximilla akavitenganisha kimoja kimoja akiwa na furaha kubwa.

"Hapa herufi haziimbi kwaya," alimwambia. "Hapa kila mmoja na zamu yake."

Kwaresima ilipokaribia kwisha alirudi mbele ya Sista Ernesta. Safari hii alitazama vitufe mara kadhaa, shingo imekakamaa kwa uchungu. Kwa Mheshimiwa ikatoka Kwa Mheshimiwa, na Tanzania ikatoka Tanzania. Akaandika barua ya kuacha kazi Kibondo, na Bwana Saidi akaijibu kwa mkono, wino umemwagika, kwa sababu hakuwa na wa kumpigia.

Akahamia kwa mama yake. Akachimbisha shimo la kukinga maji ya mvua, akanunua ndoo kubwa, akapiga marufuku njia ya bondeni. Kila mchana alirudi nyumbani kwa chakula, hatua chache tu, akamkuta Theodosia kivulini anachambua maharage na kuchambua majirani. Kile alichokitaka alikuwa amekipata.

Deni hakulipa.

Pasaka alisema viatu vyake vimepelekwa kwa fundi. Pentekoste alisema ana kazi ya Sista isiyongoja. Sikukuu ya Petro na Paulo alikaa kanisani kwenye benchi la mwisho kabisa, nyuma ya nguzo, kana kwamba nguzo ile ilijengwa kwa ajili yake. Havyarimana hakumkumbusha. Alipokutana naye uani alimsalimia, "Mashine inakwendaje, Madamu?" na Maximilla alijibu, "Inakwenda," akapita. Moyoni alisema mtu mwenyewe angekuwa na haja angedai. Alisema pia kwamba mpiga chapa wa misheni hawezi kuonekana anakanyaga upepo kwa ajili ya mfyatua matofali. Hayo ya kwanza aliweza kuyasema kwa sauti. Haya ya pili alibaki nayo.

Lakini Jumapili zilikuwa zikimshtaki. Havyarimana alikuwa akikanyaga kwa mguu mmoja, na kinanda kilianza ubeti kwa nguvu, kikafika katikati kikaishiwa pumzi, kikalegea kama mzee anayepanda mlima na mzigo. Kwaya ilikuwa ikikipita, inasimama kukingoja, inakipita tena. Padri alikuwa akitazama dari. Na Theodosia, aliyepelekwa kanisani kwa kitoroli cha matofali chenye mto wa manyasi, alikuwa akisikiliza yote.

Jumapili moja ya kiangazi, wakirudi, Maximilla anasukuma na vumbi linampanda, akasema, "Yule bwana na kinanda chake. Bora angepiga ngoma."

"Kinanda kina kosa gani?" aliuliza mama yake.

"Hukisikii? Kinakata roho kila ubeti."

"Nakisikia. Na habari yake naijua, alinisimulia Sista wako." Theodosia hakugeuka. Alikuwa amekaa juu ya kitoroli kama mke wa mtemi. "Mwana wanje, mwanangu, umepata kazi kwa vidole vya mtu, na miguu yako unaificha nyuma ya nguzo. Mimi nina nyonga mbovu. Wewe una ugonjwa gani?"

"Watu watacheka, mawe."

"Watacheka. Wewe umewacheka watu tangu utoke Tabora, hakuna aliyekufa. Nisukume, jua linachoma."

Akamsukuma. Mchana huo chakula kilikuwa na chumvi nyingi.

Sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni kanisa lilijaa mpaka madirishani. Watu walitoka milimani, walitoka vijiji vipya, wengine walitoka mbali na watoto mgongoni. Havyarimana alikuwa amekwisha kukaa, shati jeupe, kucha zimesuguliwa, mguu mzima kwenye pedali. Maximilla alipita katikati ya kanisa, kisigino kikigonga saruji, kila mtu akigeuka. Alifika mbele, akavua viatu, akaviweka pembeni kimoja kando ya kingine.

"Sogea," alisema.

Havyarimana akasogea. Benchi lilikuwa fupi kweli. Upande wa akina mama mtu alisema jambo, na wenzake wakaziba midomo kwa ncha za kanga. Maximilla akawageukia akawatazama, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaona umuhimu wa kufungua vitabu vya nyimbo.

"Nianze?"

"Anza. Polepole, Madamu. Hapa unakipa pumzi, hukikimbizi."

Alianza vibaya. Alikanyaga kama anaua nge, kinanda kikapiga yowe wakati Padri bado yuko mlangoni, na kicheko kikapita kanisani kama upepo kwenye mtama. Masikio yalimwaka moto. Kuinuka kulikuwa hatua moja, viatu vilikuwa pale. Hakuinuka. Alitazama ukuta, jinsi alivyozoea kutazama dirisha, akaiacha miguu itafute yenyewe, kulia, kushoto, kulia, mpaka akahisi mvukuto unajaa na kushuka chini ya nyayo zake kama kifua cha ng'ombe aliyelala. Havyarimana akabonyeza. Sauti ikatoka nene, ikakaa. Kwaya ikaingia, na kwa mara ya kwanza tangu mvua haikulazimika kusimama kumngoja mtu.

Ubeti wa nne ulifika mwisho na pumzi imebaki. Havyarimana alishangaa, akaongeza madoido ambayo hakuna aliyemwomba, majivuno matupu ya mtu aliyepata upepo wa bure. Maximilla aliyasikia, akaona ni upuuzi mtupu, akaendelea kukanyaga.

Misa iliisha jua limepanda. Watu walitoka kwa kusukumana. Maximilla alibaki anapapasa viatu kwa miguu iliyokufa ganzi, jasho linamtoka mgongoni, kitambaa cha kichwa kimeteleza mpaka sikioni.

"Basi, Madamu," alisema Havyarimana, akifunga kifuniko cha kinanda. "Tumemalizana."

"Havyarimana," alisema Maximilla. Hakuwahi kulitamka jina hilo. Lilimpa taabu kidogo mdomoni, kama kitufe kilichohamishwa. "Mtu akikuuliza, useme nililipa."

"Nitasema ulilipa. Na kwamba ulichelewa, nitasema pia."

"Sema," alijibu, akaweka sawa kitambaa chake, akatoka kwenda kumtafuta mama yake juani.